Mwongozo kamili: jinsi ya kumpima chotara wa Labrador na pudeli kama mbwa wa kuwinda bata

Chotara wa Labrador na pudeli mkubwa, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Labradoodle, hakuzalishwa kwa ajili ya mawindo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Australia, Wally Conron, aliyekuwa akisimamia uzalishaji wa mbwa wa kuongoza wasioona, alikuwa akimtafutia mbwa mwanamke mmoja wa Hawaii ambaye mume wake alikuwa na mzio wa manyoya ya mbwa. Akapandisha Labrador na pudeli, wakazaliwa watoto watatu. Manyoya na mate yao yalipopimwa, ni mmoja tu, Sultan, aliyefaa kwa mume yule. Baba mmoja, mama mmoja, tumbo moja, na sifa iliyokusudiwa ikajitokeza kwa mtoto mmoja kati ya watatu.

Mwindaji anayemfikiria chotara huyu na aanzie hapo. Watu huuliza, "Je, Labradoodle anaweza kuwinda?" Swali hilo halina jibu, kwa sababu ndani ya tumbo moja yupo anayeweza na yupo asiyeweza. Jibu hupatikana ukiuliza kuhusu mbwa mmoja aliye mbele yako, tena ukiwa umemwona kazini. Ukinunua Labrador wa ukoo wa mawindo, vizazi vingi vya wafugaji vimekwisha kukufanyia uchambuzi. Kwa chotara, kazi hiyo unaifanya mwenyewe, na mwongozo huu unaonyesha namna ya kuifanya bila kujidanganya.

Nimeuandika kwa ajili ya Waswahili walioko Marekani na Kanada wanaowinda bata mwitu na fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, kwa leseni. Aliyeko Kenya akumbuke kwamba uwindaji ulipigwa marufuku huko mwaka 1977. Kwingineko Afrika Mashariki, zungumza kwanza na mamlaka ya wanyamapori kabla mbwa hajakanyaga pori.

Je, mchanganyiko huu una mantiki?

Unayo, kuliko watu wanavyodhani. Pudeli alikuwa mbwa wa majini muda mrefu kabla ya kuwa mbwa wa sebuleni. Ule mtindo wake wa kunyolewa unaochekwa ulikuwa na kazi: sehemu ya nyuma ilinyolewa ili aogelee mwepesi, na kifua na maungio vikaachiwa manyoya yamkinge na baridi. Hata leo American Kennel Club, chama cha Marekani cha usajili wa mbwa, huwaruhusu pudeli kushiriki majaribio ya mbwa wa kuleta mawindo, na wapo waliopata cheo cha juu cha Master Hunter.

Shida ni kwamba pudeli wengi wamechaguliwa kwa vizazi kadhaa kwa sababu ya umbo, rangi na upole wa nyumbani. Labrador naye ana koo mbili: wa maonyesho na wa kazi. Kwa hiyo chotara anaweza kuwa na wazazi wawili ambao hakuna aliyewahi kuona bata akianguka.

Ujerumani walishawahi kujaribu jambo linalokaribiana na hili. Mwaka 1881 Baroni von Zedlitz, aliyeandika kwa jina la Hegewald, alianzisha mradi wa kuchanganya pudeli na pointa, mbwa anayesimama kuonyesha ndege alipo: akili, kupenda maji na kupenda kuleta kutoka kwa pudeli, pua na kasi ya uwandani kutoka kwa pointa. Damu ya pudeli ilijitokeza kwa nguvu mno, ikabidi warudi kwa pointa mara nyingi, na mbwa walichaguliwa kwa kazi yao. Ndivyo alivyopatikana Pudelpointer, ambaye Bodo Winterhelt alimleta Amerika Kaskazini mwaka 1956. Anayesema kuchanganya koo ni upuuzi amjibu mbwa huyo. Na anayesema kuchanganya peke yake kunatosha aangalie miaka mingi ya mchujo iliyofuata.

Hatua ya 1: Waone wazazi wakifanya kazi

Usikubali picha, na usikubali maneno ya "ana silika". Omba kumwona mama, na ikiwezekana baba, wakiwa majini na uwandani. Muuzaji akikuambia baba yuko mbali, omba video ndefu isiyokatwa inayoonyesha mbwa akiingia majini kwenye baridi, akitafuta ndege kwenye matete, akimrudisha hadi mkononi mwa bwana wake. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni rahisi sana kwenye biashara hii, kwa sababu jina la Labradoodle linauza lenyewe na mwenye watoto hana haja ya kuthibitisha lolote.

Mtazame zaidi pudeli. Upande wa Labrador, ukoo wa kazi haupatikani kwa shida. Upande wa pudeli ndio unaobeba mashaka. Mrushie kifurushi cha mazoezi cha turubai kwenye maji yenye majani marefu. Pudeli mwenye kazi ndani yake ataingia bila kubembelezwa na atatafuta kwa pua akikosa kwa macho. Asiye nayo atasimama ukingoni akikutazama usoni. Huyo wa pili anaweza kuwa mbwa mzuri sana wa nyumbani, lakini watoto wake usiwanunue kwa ajili ya bata.

Wawindaji wa msitu wa Ituri huko Kongo wana mbwa wasiobweka, wanaovalishwa kengele za mbao shingoni ili ijulikane walipo wanaposwaga wanyama kuelekea nyavuni. Mbwa hao hawakuwa na daftari la ukoo. Walithaminiwa kwa kazi waliyoifanya. Ningependa wanunuzi wa chotara wawe na msimamo huo.

Hatua ya 2: Vyeti vya afya vya wazazi wote wawili

Utaambiwa kwamba machotara hawaugui. Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa kumbukumbu za mbwa zaidi ya 27,000 kuhusu magonjwa 24 ya kurithi. Magonjwa 10 yalionekana zaidi kwa mbwa wa ukoo mmoja, 13 hayakuonyesha tofauti, na moja, kukatika kwa kano ya goti, lilionekana zaidi kwa machotara. Nyonga mbovu ilikuwa miongoni mwa yale yasiyo na tofauti. Mbwa wa kuwinda anaishi kwa nyonga na magoti, kwa hiyo usipite hapa haraka.

Omba yafuatayo kwa kila mzazi. Picha za eksirei za nyonga na viwiko: OFA, shirika la Marekani la vyeti vya afya ya mbwa, hutoa daraja la mwisho la nyonga mbwa akiwa na miezi 24, na PennHIP, njia nyingine ya kupima nyonga, huweza kupima tangu wiki ya 16. Uchunguzi wa macho wa mwaka huu. Kipimo cha vinasaba cha upofu wa polepole uitwao prcd-PRA, ambao upo kwa Labrador na upo kwa pudeli pia. Wazazi wote wawili wakiubeba, uchotara hautamkinga mtoto. Kwa Labrador ongeza kipimo cha EIC, hali inayomfanya mbwa aishiwe nguvu miguu ya nyuma baada ya dakika chache za kazi kali. Hiyo ikitokea katikati ya bwawa, mbwa anazama. Kwa pudeli ongeza kipimo cha ugonjwa wa von Willebrand, unaozuia damu kuganda vizuri. Mbwa atakayepita chini ya seng'enge kila wiki hapaswi kuwa na damu isiyoganda.

Hatua ya 3: Jua ni kizazi cha ngapi

Wafugaji huandika F1 kwa mtoto wa Labrador na pudeli moja kwa moja, F1B kwa F1 aliyerudishwa kwa pudeli, na F2 kwa mtoto wa F1 wawili. Kwa mwindaji, tofauti hii ni kubwa.

F1 hukaribiana zaidi, kwa sababu kila mmoja amepata nusu kwa kila upande. Karibu wote huwa na ndevu na nyusi ndefu, kwa kuwa kinasaba hicho cha pudeli hushinda. Ukifika F2 mambo hutawanyika: kwa wastani mmoja kati ya wanne hupoteza ndevu na kurudia uso laini wa Labrador, na sifa nyingine za manyoya, umbile na tabia nazo zinagawanyika kwa njia usizoweza kuzikisia. F1B huelekea kwa pudeli, na kwa kawaida huzalishwa kwa wanaotaka manyoya yasiyopukutika. Kwa bata, ninachagua F1 bila kusita.

Hatua ya 4: Kumchagua mtoto

Ukiwatembelea watoto wakiwa na wiki saba au nane, chukua bawa la bata au njiwa lililokaushwa. Mchukue mmoja mmoja hadi mahali asipopajua, nyasini. Tazama anavyopokea ugeni, kisha livute bawa mbele yake na ulirushe hatua mbili tatu. Anayelifuata na kulibeba, hata kama hakuletei, ana mwanzo mzuri. Baadaye mtu aangushe sufuria akiwa mbali kidogo. Kushtuka si tatizo; tazama muda anaochukua kurudi kwenye shughuli yake.

Jaribio hili litakusaidia kuwaepuka waoga sana na wasiojali kabisa. Halitakuambia nani atakuwa bingwa, na anayedai anaweza kukuambia hilo kwa mtoto wa wiki nane anakisia.

Hatua ya 5: Mwaka wa kwanza

Maji yaje wakati wa joto, mahali penye kina kifupi, wewe ukiwa umetangulia kuingia. Usimtupe majini. Mbwa aliyetupwa anaweza kukaa na hofu hiyo maisha yake yote, nawe utaandika kwenye daftari kwamba chotara hapendi maji ilhali kosa ni lako.

Mlio wa bunduki uende pamoja na furaha. Akiwa anamkimbilia ndege, msaidizi aliye umbali wa mita 80 au 100 apige bastola ya kuanzishia mbio. Akiendelea kumkimbilia ndege bila kugeuza kichwa, siku nyingine sogezeni karibu, na bunduki ya marisau ije mwishoni kabisa. Ukiona ameinama au amekuja kujificha miguuni pako, acha siku hiyo na urudi nyuma hatua kadhaa. Pudeli wengi ni wepesi wa hisia, na watoto wao wanaweza kurithi hilo. Chotara wa aina hii anahitaji sauti ya chini na marudio machache. Ukimkaripia kama unavyoweza kumkaripia Labrador mzito, anafunga kazi. Sihesabu wepesi huo kuwa udhaifu. Ni tabia ya mbwa anayekusoma kwa karibu, mradi umpe uongozi unaomfaa.

Mazoezi ya kuruka juu na mbio ndefu za barabarani yasubiri mifupa ikomae.

Hatua ya 6: Vipimo vya uwandani

Kuanzia miezi kumi hivi unaweza kupima kwa umakini. NAVHDA, chama cha Amerika Kaskazini cha mbwa wa kuwinda wa kazi nyingi kilichoanzishwa mwaka 1969, kina jaribio la kipaji cha asili kwa mbwa wasiozidi miezi 16, na jaribio gumu zaidi ambalo sehemu yake ni mbwa kumtafuta bata majini kwa takribani dakika 10. Hata kama mbwa wako hana usajili wa kuingia huko, nenda ukatazame siku moja, kisha uige vipimo vyao.

Muhimu kuliko yote: azima Labrador wa ukoo wa kazi mwenye umri na mafunzo yanayolingana na ya mbwa wako, awepo siku hiyohiyo, uwanja huohuo, upepo huohuo. Bila mbwa wa kulinganisha utampenda wako kwa kila anachofanya. Na mtu anayeandika matokeo asiwe wewe.

Kipimo cha pua: mtu avute fezanti aliyekufa nyasini kwa kamba, mita 100 hadi 150, kukiwa na kona moja. Amwache ndege mwishoni, naye aendelee mbele na kujificha, asirudi kwa njia aliyokuja, la sivyo mbwa atafuata harufu mbili. Subiri dakika 20, kisha mwachie mbwa. Tazama afanyacho anapofika konani. Mbwa mwenye pua hupitiliza kidogo, hugundua, hugeuka na kuikamata njia tena. Asiye nayo huzunguka kwa furaha tu.

Kipimo cha ung'ang'anizi ndicho ninachokipa uzito mkubwa kuliko vyote, na ndicho wengi hukisahau kwa kuwa hakivutii kutazama. Mpeleke mbwa kwenye matete usikoweka ndege yeyote, mwamuru atafute, na ushike saa. Ataendelea kwa muda gani kabla hajakurudia au kusimama akingoja msaada? Bata aliyejeruhiwa huzama, huogelea chini ya majani, huibukia asipotarajiwa, na mbwa anayekata tamaa baada ya dakika mbili atakuachia ndege wengi wakiteseka. Hapa ndipo upande wa nyumbani wa pudeli hujitokeza: mbwa mwenye akili nyingi anayegundua haraka kwamba mwenye jibu ni wewe, na kuacha kutafuta. Rudia kipimo siku tofauti kabla ya kutoa hukumu. Anayefikisha dakika 10 pua ikiwa chini na mkia ukifanya kazi, mshike sana.

Kumbukumbu ya macho: rusheni ndege wawili, mmoja kushoto, mwingine kulia, kwa kupishana kidogo. Akishaleta wa pili, je, anaelekea moja kwa moja alipoanguka wa kwanza? Machotara wengi niliowaona hufanya vizuri hapa. Labrador na pudeli wote hujifunza upesi.

Mdomo: baada ya kila ndege, papasa mbavu zake kwa vidole. Mbavu zikiwa zimevunjika pande zote mbili, mbwa anabana. Mara moja si hoja, hasa ndege akiwa hai na anapigana. Ikijirudia ni kasoro kubwa.

Utulivu: mkalishe kwenye kibanda cha mavizio kwa saa nzima ndege wakipita bila kupigwa. Mbwa anayelialia au kutikisa matete atawafukuza bata kabla hawajashuka. Nimeona machotara walioshinda vipimo vyote vya juu wakaangukia hapa, na sikuwahi kuona kulialia kukitoka kwa mbwa mzima kwa urahisi.

Hatua ya 7: Manyoya

Kama kuna jambo linaloweza kumwondoa chotara huyu kazini hata akiwa na pua ya dhahabu, ni manyoya. Labrador ana manyoya mafupi yenye mafuta, na chini yake tabaka zito linalozuia maji yasifike kwenye ngozi. Pudeli ana singa zilizojikunja zinazoendelea kukua na kujisokota. Chotara anaweza kuangukia popote kati ya hao wawili.

John Suter alikimbia mbio za sleji za Iditarod huko Alaska kwa timu ya pudeli kuanzia mwaka 1988 hadi 1991. Walikuwa na moyo na nguvu, lakini manyoya yaliganda na kushikamana na barafu, na baadhi yao walipata shida za miguu. Baadaye waandaaji waliweka kanuni ya kuruhusu mbwa wa kaskazini wanaofaa kwa baridi ile tu. Wewe hutavuka Alaska, lakini Novemba huko Minnesota au Dakota Kaskazini maji huganda ukingoni, na mbwa anakaa kwenye kibanda akiwa amelowa.

Pima hivi. Mpime uzito akiwa mkavu. Mwogeleshe dakika 10, mwache ajikung'ute kadiri apendavyo, kisha mpime tena. Tofauti ndiyo maji anayobeba. Fanya vivyo hivyo kwa yule Labrador wa kuazima. Halafu wakae nje, na kila baada ya dakika 15 ingiza vidole hadi kwenye ngozi ya mgongo na ya kifua. Ngozi ikiwa imelowa kabisa wakati ya mwenzake ni kavu, una mbwa wa Septemba, si wa Desemba. Kisha mpitishe kwenye majani yenye mbegu zinazong'ang'ania kama kishonanguo cha nyumbani, na uhesabu muda unaotumia kumsafisha. Mbegu zenye miba zikiachwa huingia kwenye ngozi, masikio na katikati ya vidole, na huleta majipu.

Manyoya mabaya yana dawa kiasi. Mnyoe mwili wote yabaki sentimita moja au mbili wiki chache kabla ya msimu, ondoa nywele katikati ya vidole, na mvalishe fulana ya neopreni inayombana vizuri. Masikio yanayoning'inia na yenye nywele ndani yakaushe kila mara atokapo majini, la sivyo yataoza kabla msimu haujaisha. Kitu kisicho na dawa ni mbwa anayetetemeka nusu saa baada ya kutoka majini hata akiwa na fulana. Na ukimwona ameacha kutetemeka huku bado ni baridi, amelegea na macho yamezubaa, uwindaji umekwisha: mkaushe, mpe joto, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Pudeli mkubwa ni miongoni mwa mbwa wanaopatwa zaidi na tumbo kujaa hewa na kujipinda. Chotara wake mchukulie hivyohivyo: usimpe mlo mzito kabla ya kazi wala mara tu baada ya kazi.

Hatua ya 8: Hukumu

Subiri msimu wa pili. Mbwa wa miezi 12 hubadilika sana akifika 24, na chotara hana ukoo wa kukusaidia kubashiri. Ukishafika hapo, pitia daftari na usijumlishe alama, kwa sababu jumla hudanganya: kumbukumbu nzuri haifidii woga wa bunduki. Woga wa mlio, kukataa maji ya baridi, kubana ndege na kukata tamaa mapema, kila kimoja peke yake kinatosha kumrudisha nyumbani akawe mbwa wa familia, kazi ambayo wengi wao huifanya vizuri sana. Kasoro za mafunzo, kama kutoka kwenye kibanda kabla ya amri au kuangusha ndege ukingoni, mpe muda.

Akifaulu, winda naye kwa fahari na usijibizane na wanaomcheka. Ila usimzalishe kwa sababu tu amefaulu. Mbwa mmoja bora wa F1 amekuonyesha kwamba yeye ni bora. Watoto wake wa F2 watatawanyika, na wengi watakaowanunua hawatakuwa na subira ya miaka miwili uliyokuwa nayo. Ukitaka mwingine wa aina yake, rudi kwa wazazi walewale kama bado wanazaa na vyeti vyao vya macho ni vya mwaka huu, na uanze tena na bawa la njiwa nyasini.